Aliyeiangusha Nyalunde

Kabla Paskazia hajafika Shinyanga, ua wa pamba ulikuwa wa Mwahija. Mwenye mali alikuwa tajiri mmoja aliyekaa Mwanza na kuja kwa treni mara mojamoja kukagua magunia yake, lakini wanawake waliokaa chini kuchambua pamba, nyeupe huku na ile chafu waliyoiita fifi kule, hawakuwa na habari naye. Walimsikiliza Mwahija.

Alikaa upande wa kivuli, mgongo ukutani, khanga moja kiunoni na nyingine kichwani, vidole vikipekua pamba bila macho kuitazama. Vumbi la pamba lilipoanza kuwachosha watu, alikohoa kidogo na kuuliza, "Nianze au nisianze?" Nao walijibu ua mzima, "Anza, Mama Tabu, tumekukalia!" Asipoitikiwa kwa nguvu, hakuanza. Hadithi zake zilikuwa za mabinti wa masultani, majini wa visimani na vijakazi werevu. Alizipata kwa marehemu baba yake, Mmanyema aliyekuja na misafara ya zamani, akaoa Msukuma na kubaki hukuhuku. Mume wake, Nassibu, ndiye aliyesimamia mizani pale uani, na wapo waliodhani heshima ya Mwahija ilitoka kwenye mizani hiyo. Mwenyewe alijua ilitoka mdomoni mwake. Hakuna kitu alichokipenda kama ule ukimya unaowaingia watu wanapongoja neno lako lijalo.

Paskazia alikuja msimu ule ambao wanaume wengi wa Usukuma na Usumbwa walikuwa wakikimbilia Geita kuchimba dhahabu ya Wazungu. Mume wake, Bujiku, alikuwa mmoja wao. Wakwe zake kule Ushirombo walikuwa wakimsimanga kwa kuwa hakuwa amezaa, basi Bujiku alipoondoka, naye alifunga nguo zake akaja kwa shangazi yake, bibi Mageni, aliyekuwa mzee kuliko wachambuaji wote. Paskazia alikuwa mwembamba, rozari shingoni, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao. Aliposalimia alipiga goti.

"Shikamoo, Mama Tabu."

"Marahaba. Kaa pale jua linapopiga. Wageni huanzia pale."

Akaenda akakaa juani, akachambua, akanyamaza. Mwahija alimsahau.

Aliyemfungulia mlango ni Mwahija mwenyewe. Siku moja alikuwa na mafua, sauti imemkauka. Wanawake walipomtaka aanze, alitazama huku na huku akitafuta wa kumtania, macho yakamwangukia mgeni.

"Wewe mtoto wa misheni," alisema, "huko kwenu hakuna hadithi? Au ni sala tu?"

Watu walicheka. Paskazia aliinua uso. "Zipo, mama. Ila yangu ni ndefu."

"Haya, tupe hata kipande."

Hakukohoa, hakuuliza kama aanze. Alianza tu, kama mtu anayeeleza habari za jirani.

"Ipo nchi iitwayo Nyalunde, si ya dunia hii. Kule mawingu hayaendi yenyewe, huchungwa kama ng'ombe. Wingu lisilo na mchungaji ni la porini, na likikukuta njiani linakukanyaga. Watu wa kale waliyaogopa, wakaishi mapangoni na kunywa umande. Mpaka akazaliwa msichana mmoja, Kabula. Siku moja Kabula yuko juu ya mwamba anakinga umande kwa jani, akaona kawingu kadogo, kandama, kamepotezana na mama yake, kanalia. Akakapigia mluzi. Kakamfuata mpaka nyumbani."

Mwahija aliona vidole vya wanawake vimesimama. Aligeuka kwenye mizani, akamwona Nassibu ameshika jiwe la kupimia, hajaliweka wala hajaliondoa.

"Kakala nini huko nyumbani?" aliuliza bibi Mageni.

"Hiyo ndiyo shida iliyompata," alisema Paskazia, akarudi kwenye pamba yake. "Kesho nitawaambia."

Kesho ikaja, na kesho yake tena. Nyalunde ikakua. Kabula alijenga boma la mawe juu ya kilima, mawingu yakazaana humo, akayatia alama ya majivu masikioni ili yasipotee. Nchi za jirani zilizokuwa zikitegemea mawingu ya porini zilibaki na mbingu tupu, wakubwa wao wakaja wakitambaa kuomba kuazimwa japo wingu moja jike. Kabula aliwaazima, nao wakawa wake. Hakuwa na mkuki hata mmoja. Nchi iliyomkaidi aliipokonya wingu lake tu, na kabla majani hayajamaliza kukauka, mtemi wake alikuwa ameshafika langoni na mikono kichwani. Hivyo dola ikapanda milima, ikavuka jangwa, ikafika mahali ambapo watu walikuwa na ngozi ya kijani kwa sababu ya kukaa sana mvuani. Waamuzi wa Nyalunde waliketi ndani ya ukungu ili wasione sura za wanaoshtakiana. Matarishi walivaa njuga za mawe ya mvua yasiyoyeyuka. Na kwenye mji mkuu mapaa hayakukauka kamwe, watoto wakalala wakisikia mawingu yakicheua bomani.

Wanawake wale walikuwa wametoka kwenye mashamba yaliyopasuka kwa jua. Waliposikia habari ya mawingu kucheua, walifumba macho.

Mwahija aliwaona wakihama. Kwanza bibi Mageni, kwa kuwa ni shangazi mtu, ikaeleweka. Halafu mmoja aliyesema masikio yake si mazuri. Halafu wengine bila kusingizia chochote, kila mmoja na kikapu chake, wakatoka kivulini wakaenda kukaa juani, jasho likiwatiririka, ili wasipitwe. Haikupita muda Mwahija akabaki na ukuta wake na kivuli kizima peke yake.

Alijaribu. Asubuhi moja alikohoa na kuuliza kwa sauti yake ya zamani, "Nianze au nisianze?"

Wachache waliitikia, kwa adabu. Mmoja akasema, "Tusubiri kidogo, Mama Tabu. Tujue kwanza kama ile nchi ya mashariki imetii."

Kilichomchoma zaidi ni kwamba hadithi ilikuwa nzuri. Wenzake waliisikiliza kama watu wanaokula. Yeye aliisikiliza kama mpishi, akijua kilichowekwa ndani na kwa nini, na akijua kwamba yeye asingewaza kukiweka. Alijifanya hasikii. Aliimba chinichini, akapekua pamba kwa kelele. Lakini hakuna neno lililompita. Nyumbani, akisonga ugali, alijaribu kutunga nchi yake mwenyewe, na kila alipofungua mdomo alitoka sultani na binti yake.

Jioni moja Nassibu alikuwa anakula, akaacha tonge hewani. "Unajua," alisema, "leo nilikosea kupima gunia zima. Yule Paskazia alikuwa anaeleza jinsi wanavyokamua mawingu."

"Nimesikia."

"Wanakamua alfajiri, kwenye vibuyu, na kile cha kwanza wanampa mgonjwa."

"Nassibu, nimesema nimesikia." Alimsogezea mchuzi kwa nguvu, ukamwagika. "Kama unamtaka yule mwanamke, sema. Dini inakuruhusu. Mwambie mume wake huko Geita, kisha njoo uniambie na mimi."

Nassibu alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nimtake wa nini? Mimi nataka kujua yale mawingu yamefika wapi."

Angemwambia ndiyo, namtaka, Mwahija angejua la kufanya. Angelia, angerudi kwa ndugu zake, angeitisha wazee. Kwa jibu lile hakuwa na dawa. Aliosha vyombo, na kile kibuyu cha kwanza cha mgonjwa hakikumtoka kichwani. Alikuwa anakionea wivu kibuyu.

Ndipo alipofanya jambo la kijinga. Wakati wa mapumziko ya adhuhuri, wanawake wamekwenda kunywa maji, alipita kwenye lundo safi la Paskazia akachanganya humo kapu zima la fifi, akavuruga kwa mikono miwili mpaka nyeupe na chafu zikawa kitu kimoja. Nassibu alipokuja kukagua, alilazimika kupaza sauti mbele ya watu wote.

"Hii nini, Paskazia? Hadithi tamu, kazi chafu! Rudia lundo lote."

Paskazia alitazama pamba, akatazama uani pote, halafu akainama. "Nitarudia, baba." Akarudia mpaka jua likashuka, na wenzake hawakwenda nyumbani. Walikaa wakamsaidia, naye akawasimulia jinsi Kabula alivyomtuma mpwa wake kwenda kuhesabu nyota zilizo chini ya himaya yake. Mwahija aliondoka peke yake. Njiani aliona haya, lakini haya ile haikupunguza kitu. Wivu ulikuwa palepale, na sasa ulikuwa na mwenzake.

Habari zilitoka Geita kwa dereva wa lori aliyekuja kuchukua magunia. Shimo lilikuwa limewafukia watu, Bujiku akiwemo. Alitolewa hai, lakini kifua kilikuwa kimebonyea na alikuwa akimtaja mke wake. Dereva alikuwa akirudi upande huo siku hiyohiyo. Paskazia alisimama na pamba bado imeshika kwenye nguo yake. Bibi Mageni alimfungia viazi kwenye kitambaa. Wanawake walimsindikiza mpaka kwenye lori, na Mwahija naye alikwenda, kwa kuwa asingekwenda wangemsema.

Mguu wake ukiwa kwenye ngazi ya lori, Paskazia aligeuka.

"Mama Tabu. Hawa wasikae kimya kwa ajili yangu. Wasimulie wewe. Wewe ndiye unayejua kusimulia."

"Nenda, mwanangu. Mungu amponye," alisema Mwahija. Na moyoni akasema: Ananiachia makombo. Ananigawia ua wangu mwenyewe.

Siku za kwanza hakuna aliyetaka hadithi. Walichambua, wakamwombea Bujiku, wakapiga chafya za vumbi. Halafu kazi ikaanza kuwa nzito. Bibi Mageni ndiye aliyevunja ukimya, akihamisha kikapu chake kurudi kivulini.

"Mama Tabu, si wewe uliachiwa? Tuambie basi ya Nyalunde. Yule mpwa aliyetumwa kuhesabu nyota, alirudi?"

Mwahija alikuwa ameingoja saa hii. Alijua mtaa kwa mtaa wa ule mji mkuu, alijua jina la kila nchi iliyoazimwa wingu. Alikuwa amekwishakata shauri: ataiua. Ataichoma, ataizamisha, hatabakisha hata jiwe moja la boma. Paskazia akirudi asikute pa kusimama.

Akafungua mdomo, na neno la kwanza lililotoka hakuwa amelipanga.

"Kabula alikuwa na dada."

Wanawake walitazamana. "Dada?" alisema mmoja. "Mbona hatukumsikia?"

"Hamkumsikia kwa kuwa hakuna aliyemtaja. Ndivyo ilivyokuwa kwake." Sauti yake ilikuwa ya chini. Hakuuliza kama aanze. "Alikuwa mkubwa kwa Kabula. Kule mapangoni, kabla ya mawingu, yeye ndiye aliyekuwa akipiga mluzi. Watu walikusanyika kumsikiliza, wakasahau kiu. Mdogo wake alikaa miguuni pake akajifunza. Kisha siku ile ya mwamba, kale kandama kalimfuata mdogo."

Bibi Mageni alisogeza kikapu chake karibu.

"Dola ilipokua, dada alipewa nyumba nzuri, paa lake bichi kama mapaa ya wengine. Alipewa nguo. Kila aliyepita alimwamkia, 'Shikamoo, dada wa Mtemi.' Jina lake likapotea kwa kukosa wa kuliita. Na kila jioni alikwenda bomani, akasimama nje ya lango, akapiga mluzi wake wa zamani. Mawingu yaliinua vichwa. Yalimtazama. Halafu yaliinamisha vichwa, yakaendelea kucheua."

Mwahija alisikia ule ukimya. Ulikuwa umerudi, na ulikuwa mzito kuliko aliouzoea. Aliacha pale, akasema atamalizia kesho.

Kesho yake walikuja mapema. Hata Nassibu aliburuta kigoda chake kutoka kwenye mizani hadi upande ule wa kivuli. Mwahija aliwapeleka mpaka kwenye jioni ambayo dada wa Kabula alishika kamba ya lango.

"Msidhani alitaka Nyalunde ife," alisema. "Alitaka mara moja tu kitu cha Kabula kimwache Kabula kiende zake. Alifungua. Akasema nendeni, malisho haya hapa, dunia ni yenu. Lakini mawingu yale yalikuwa yamezaliwa bomani. Hayakujua kuna mahali pengine. Lango lilipofunguka yaliogopa, yakakimbilia juu ya mji, majike na ndama na madume yote, yakabanana tumbo kwa tumbo hata mchana ukawa mweusi. Na kwa hofu yakaachia maji yote."

Aliuzamisha mji taratibu. Waamuzi walisombwa na ukungu wao. Njuga za matarishi, ambazo hazikuwahi kuyeyuka, ziliyeyuka miguuni mwao wakiwa bado wanakimbia kupeleka habari. Watoto waliamka wakidhani wanasikia mawingu yakicheua. Kabula alipanda juu ya ngome akapiga mluzi mpaka midomo ikatoka damu, lakini ngurumo zilimfunika. Na nchi zote za mbali, zile zilizotambaa, ziliinua macho zikaona mbingu tupu. Walingoja, wakangoja, kisha wakachukua majani yao wakarudi mapangoni kukinga umande.

"Na dada?" aliuliza bibi Mageni.

"Alisimama palepale langoni. Kamba mkononi. Maji yakamfika hapa." Mwahija aliweka kiganja kooni.

"Alikimbia?"

"Hapana. Alikuwa anapiga mluzi. Safari hii palikuwa na ndama mmoja, mmoja tu, aliyegeuka akamsikiliza."

Bibi Mageni alijifuta macho kwa pamba nyeupe, akaiharibu. Wanawake wawili walikuwa wanalia wazi. Nassibu aliinuka akaenda kusimama karibu na magunia, mgongo ukiwaelekea watu. Mwahija hakuwa amewahi kusimulia hivyo maishani mwake, naye alilijua hilo, na kwa muda mfupi hakumwonea wivu mtu yeyote aliye hai.

Kisha bibi Mageni akasema, "Kweli mwanangu yule ana kichwa. Alikuachia mwisho mzuri, Mama Tabu. Alikuhadithia lini?"

"Hakunihadithia."

"Labda siku ile kwenye lori?"

"Bibi, ni wangu. Nimeutunga mimi."

Walimtazama kwa upole, kama wanavyomtazama mtu anayesema uongo mdogo ambao hakuna haja ya kuugombania. Mmoja akamgusa bega. "Hata hivyo umeusimulia vizuri, Mama Tabu."

Nyumbani, Nassibu alisema mambo yaleyale. Mwahija alisimama mbele yake na mwiko mkononi. "Mwisho ule ni wangu. Sikiliza. Ni wangu."

"Sawa, Mama Tabu," alisema Nassibu, kwa sauti anayotumia mtu kumtuliza mgonjwa. Mwahija alitoka nje, akaenda nyuma ya nyumba penye kuni, akasimama pale mpaka chakula kikapoa. Alikuwa ameua dola ya mwenzake, na mwenzake ndiye aliyesifiwa kwa mauaji.

Paskazia alirudi pamba ikiwa inaelekea kwisha. Alishuka kwenye lori akiwa amevaa kaniki, na hakuna aliyehitaji kuuliza. Bujiku alikuwa ameishi siku chache tu baada ya mke wake kufika, akazikwa hukohuko Geita, kwenye makaburi ya wachimbaji. Wanawake walikwenda nyumbani kwa bibi Mageni kumpa pole, wakakaa naye matanga. Mwahija alipeleka unga na akateka maji, na alifanya hivyo kwa moyo mmoja, kwa kuwa kifo hakikuwa na uhusiano na yale mengine.

Paskazia aliporudi uani kuchambua, wenzake walikuwa wameshapatana wasimguse kwa habari ya Nyalunde. Hawakufika hata mchana. Yule mwenye masikio mabaya alisahau, akasema kwa nguvu, "Siku ile mji ulipozama..."

Paskazia aliinua kichwa. "Mji gani umezama?"

Wenzake waliinamia vikapu vyao.

"Nyalunde?" Alitazama nyuso moja baada ya nyingine. "Imeanguka? Nani kaiangusha?"

Macho yote yalikwenda kivulini. Mwahija alijiandaa. Alikuwa na maneno makali tayari, alikuwa nayo kwa wiki nyingi. Lakini Paskazia aliinuka na kikapu chake, akatoka juani, akaja akakaa mbele yake, goti kwa goti.

"Nisimulie," alisema.

Basi akamsimulia, dada, lango, maji, ndama. Alisimulia kwa ukali, akitaka iume. Paskazia hakumkatiza. Machozi yalimtoka, na Mwahija hakujua kama ni ya Kabula au ya Bujiku. Mwisho ulipofika, Paskazia alisema kwa sauti ndogo ambayo wengine hawakuisikia:

"Yule dada. Nimemtambua, Mama Tabu."

Mwahija aliukwepa uso wake.

"Na ile fifi pia nilijua ni nani."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Shangazi angekupiga, na mume wako angefedheheka." Alijipangusa uso kwa ncha ya kaniki. "Mimi nilikuwa nimekwama, mama. Nilikuwa naongeza nchi juu ya nchi kwa kuwa sikujua kuimaliza. Kila jioni nilitafuta adui wa kuiangusha Nyalunde, nikawatafuta huko mbali. Sikuwaza kumtafuta ndani ya nyumba."

Kisha aligeuka, akapaza sauti. "Jamani, nisikilizeni. Mwisho huu si wangu. Sikumwachia mtu mwisho wowote. Huu ni wa Mama Tabu, na mimi nisingeuweza."

Ua mzima ulimgeukia Mwahija. Ule upole wa kumvumilia ulikuwa umewatoka. Nassibu, kwenye mizani, aibu ilimjaa usoni. Kila alichokitaka Mwahija alikuwa amepewa mbele ya mashahidi. Naye alikitazama, akaona kimeletwa na mkono uleule. Hata hicho, Paskazia ndiye aliyempa. Alitaka kushukuru, badala yake alichukua pamba akaanza kuchambua, kwa haraka, akitupa nyeupe na chafu mahali pamoja, mpaka bibi Mageni akamshika mkono taratibu.

Msimu ulipokwisha Paskazia alisema harudi Ushirombo. Kwa wakwe zake hapakuwa tena na kitu, na kaburi lilikuwa Geita. Alikwenda kupika kwenye kambi ya wachimbaji. Aliagana na kila mtu, na alipofika kwa Mwahija alipiga goti kama siku ya kwanza. Mwahija alimpa khanga, mpya, ya kuvaa atakapoiweka chini ile kaniki.

Madereva wa malori waliendelea kupita. Mwahija akawa na desturi ya kuwapelekea maji ya kunywa, na wakishakunywa aliwauliza kama huko kambini kuna mpishi Msumbwa anayesimulia hadithi. Mmoja alisema ndiyo, yupo, wachimbaji wanaacha hata pombe kumsikiliza.

"Anasimulia nini?"

"Sijui, mama. Habari ya nchi moja iliyo chini ya ardhi, na watu wenye kuchimba mwanga."

"Ni nzuri?"

Dereva alicheka. "Nilichelewa safari kwa ajili yake."

Mwahija alipokea kata yake, akamwaga maji yaliyobaki, akarudi uani bila kumuaga.

Pamba ilipokuja tena, ua ulijaa sura mpya, na wote walikuwa wameshasikia kwamba hapo kuna hadithi ya nchi ya mawingu. Wakamwomba. Alikuwa na kivuli chake, na watu wakiwa wamebanana mpaka magotini pake. Alijaribu kuanza kwa njia yake mwenyewe, na sultani akachungulia. Akaacha. Akaanza na msichana juu ya mwamba anayekinga umande kwa jani, kama alivyoisikia, bila kubadilisha neno, kwa kuwa alikuwa amelijaribu kila neno na hakupata lililo bora. Alijisikia kama mtu aliyevaa nguo ya mwenzake, na nguo ikamkaa vizuri.

Alipomaliza siku hiyo, msichana mmoja mgeni alimuuliza, "Hadithi hii ni yako, mama?"

Mwahija alijifunga upya khanga ya kichwani. "Mwisho wake ni wangu," alisema. "Mwanzo aliusimulia mwanamke mmoja."

"Nani?"

Mwahija aliinamia kikapu chake kana kwamba kuna kitu kimepotea humo. Kutoka kwenye mizani, Nassibu alimjibu yule msichana kwa sauti, kila mtu akasikia: "Paskazia. Wa Ushirombo." Mwahija akamgeuzia mume wake mgongo, akaendelea na kazi.